Chupa ya Askari Begani mwa Mkimbizi

Kuna swali ambalo limetugawa hapa kijijini tangu kiangazi kilipoanza, na kwa sababu ni swali la kitu kidogo, watu hulicheka kwanza halafu wanaanza kugombana: je, ni halali mtu aliyekimbia askari kubeba maji yake ndani ya chupa ya askari?

Nasema zile chupa za jeshi zilizopinda kidogo ili zikae vizuri kiunoni, zenye mfuko wa kitambaa kizito na kifuniko kilichofungwa kwa mnyororo kisipotee. Zinatufikia sokoni pamoja na mitumba, zimechanganywa na mabegi na viatu vya mlimani. Majeshi ya Ulaya na Marekani yakibadilisha vifaa, vile vya zamani huuzwa kwa wafanyabiashara, na wafanyabiashara huwauzia watu wanaopenda kupanda milima na kulala kwenye mahema. Yaani kuna watu duniani wanalala kwenye hema kwa kupenda. (Msinicheke, ni kweli, tena wanalipa.) Kinachobaki ndicho kinachokuja kwetu.

Na sisi ndio tunaotembea hasa. Mtu wa hapa Nakivale akitoka Base Camp kwa miguu kwenda Juru kumwona shemeji, au akiondoka alfajiri kwenda shambani na kurudi jua linazama, hajaenda kustarehe. Mwezi wa Julai nyasi zimekauka, vumbi linaingia mpaka kooni, na kivuli ni cha kutafuta. Chupa ya soda ya plastiki haimalizi mwezi. Mtoto ataikanyaga, au itaachwa juani maji yake yaanze kunuka plastiki. Kwa hiyo sizungumzi kama mtu anayependa vitu vya jeshi. Nazungumza kama mtu mwenye kiu.

Ukweli lazima usemwe: zile chupa ni nzuri. Ya Wamarekani, yenye umbo la figo, inabeba karibu lita moja. Umbo lile limetoka mwaka 1910, wakati ule kwa alumini. Katika vita vya pili vya dunia wakatengeneza pia za chuma kisichoshika kutu, na kuanzia miaka ya 1960 zikawa za plastiki nzito. Chini yake kinaingia kikombe cha chuma chenye umbo lile lile, na kikombe hicho unaweza kukitia motoni. Ya Wajerumani wa vita vya pili ni ya alumini, inabeba lita 0.8, na imevikwa koti la sufi nzito. Ukililowesha lile koti, upepo unalikausha na maji ya ndani yanapoa, sawasawa na mtungi wa udongo unaotoa jasho kwenye kona ya nyumba ya bibi. Waingereza wa wakati huo walikuwa na ya bati lililopakwa enameli ya bluu, nayo imevikwa sufi. Aliyebuni vitu hivi alikaa chini akafikiri kuhusu kiu ya mtu anayetembea juani. Nampa sifa yake.

Tena kwa kuwa wengi mtakwenda kununua hata kama mtakubaliana na wanaosema ni haramu, bora mnunue vizuri. Muuzaji atakuambia, "Kaka, hii ya jeshi, haiharibiki." Usimjibu. Fungua kifuniko, unuse. Kama ni ya plastiki na kuna harufu ya petroli au ya dawa ya kupulizia mazao, irudishe mezani, maana plastiki ikishanywa kitu hicho haikitoi tena, hata uisafishe mwaka mzima. Kama ni ya alumini, washa tochi ya simu uangalie ndani: ukiona unga mweupe na vishimo vidogo vidogo, alumini imeanza kuliwa. Mbonyeo wa nje si kitu. Ukifika nayo nyumbani usiisugue kwa majivu wala magadi kama tunavyosugua sufuria, kwa sababu hivyo vinaila alumini. Maji ya moto na sabuni vinatosha. Usitie humo maji ya limau wala bushera iliyochacha. Vidonge vya kusafisha maji tia kwenye bidoni ya plastiki nyumbani, usubiri muda wake, ndipo ujaze chupa.

Mimi nikipata ya chuma kisichoshika kutu nachukua hiyo, ijapokuwa ni nzito zaidi, kwa sababu ukitoa kifuniko unaweza kuiweka yenyewe juu ya moto ukachemshia humo maji ya ziwa. Ya plastiki huwezi. Halafu kifuniko: ndani yake kuna kipira. Kikiwa kimepasuka, maji yatakulowesha mgongo njia nzima, lakini usikate tamaa, kata kingine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Jaza maji, ilaze kichwa chini usiku kucha juu ya karatasi. Asubuhi karatasi itakuambia.

Jambo moja tu chupa ya jeshi inashindwa na ile ya soda tunayoidharau. Chupa ya soda ni angavu. Ukiijaza maji yasiyo na matope na kuilaza kwenye jua kali saa 6, mwanga wa jua unaua vijidudu. Siku za mawingu iache siku 2. Chupa ya askari haipitishi mwanga.

Bon. Sasa turudi kwenye swali.

Kwanza nauliza kwa nini chombo kizuri namna hii kilifikiriwa kwa ajili ya askari na si kwa ajili ya mkulima, ambaye anashinda juani siku nyingi kuliko askari yeyote. Jibu linajulikana na halipendezi. Askari akianguka kwa kiu, mkubwa wake amepata hasara. Mkulima akianguka, ni msiba wa nyumba yake tu. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika huku kwetu, kati ya 1914 na 1918, masanduku ya risasi na magunia ya chakula yalipanda vichwani mwa wapagazi, wa pande zote mbili. Watu wa Kongo walibebeshwa pia, majeshi ya Wabelgiji yalipovuka kwenda kuiteka Tabora Septemba 1916. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimepata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Chupa ya askari wa vita ile unaweza kuonyeshwa leo na wakusanyaji wa vitu vya kale, imesafishwa inang'aa. Chupa ya mpagazi sijawahi kuonyeshwa.

Na sisi? Sisi tumeingia kwenye hesabu kwa mlango wa nyuma. Vitabu vya mashirika ya misaada vinasema wakati wa dharura mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Nilipokuwa nalima kwetu Fizi hakuna aliyenihesabia lita. Kiu yangu ilianza kuandikwa kwenye karatasi siku nilipokimbia. Kwa hiyo ninapoishika ile chupa mkononi, sioni kwamba naiba heshima ya mtu. Naona kwamba kitu kilichofikiriwa kwa ajili ya wachache kimechelewa, lakini kimefika.

Hilo ndilo jibu la wazee wa kwetu kanisani pia, ila wao wanalisema kwa ufupi: chuma hakina dhambi. Na wana ushahidi wenye nguvu kuliko wanavyojua. Angalieni bidoni, hii ya njano, ambayo Waganda wanaiita jerikani. Hakuna nyumba hapa isiyo nayo. Tunaiweka kwenye foleni ya bomba ituwakilishe, tunaikalia, watoto wanaifanya ngoma. Babu yake ni chombo cha vita. Wajerumani waliibuni miaka ya 1930, ya chuma, kwa ajili ya petroli ya magari ya jeshi: lita 20, na vishikio vitatu juu, ili mtu mmoja aweze kushika mbili tupu kwa mkono mmoja, au wawili wasaidiane moja iliyojaa. Waingereza waliopigana nao jangwani Afrika ya Kaskazini walikuwa na madebe yanayovuja. Walipoziteka zile za adui walizipenda, wakaiga, na wakaziita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani: Jerry. Bidoni yetu ni ya plastiki, ilikuja na mafuta ya kupikia, vishikio vitatu vimebaki kimoja, lakini ukoo ni ule ule. Anayesema chombo cha askari ni najisi, aanze kwa kumwaga maji yaliyo nyumbani mwake.

Ningeishia hapo kama si mama jirani yangu.

Mama huyu tunapakana shamba. Siku ya palizi tulikuwa tumekaa chini ya mti mmoja, maji yake yamekwisha, nami nikamnyooshea chupa yangu. Aliitazama, hakunyoosha mkono. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ile kitu ulitosha wapi?" Nikamwambia sokoni. Akanyamaza kidogo, kisha akakutanisha viganja vyake mbele yangu. "Unimwangie mu mikono," akasema. "Hapana maji njo nakatala." Nikammiminia. Alikunywa viganja vitatu, akanishukuru vizuri sana, akarudi kwenye jembe. Hakunieleza neno na mimi sikumwuliza. Watu wa kwetu tunajua mambo ya kutouliza.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watu huitumia methali hiyo kumcheka mwoga, au kumhurumia: maskini, anaogopa majani. Lakini kilichokuwa mkononi mwangu si unyasi. Ni gamba ambalo nyoka mwenyewe amejivua. Ni kweli gamba haliumi. Ni kweli pia lilikuwa mwilini mwa nyoka. Sasa nani ana haki ya kumwambia mama yule kwamba macho yake yanamdanganya? Hayamdanganyi. Kuna mtu aliyeingia uani kwake akiwa na kitu kama kile kiunoni. Chupa yangu imetoka Ulaya au Marekani, haikuwahi kufika Kivu, haina hatia ya huko. Lakini umbo ni lile lile, na anayeona umbo hana nafasi ya kuuliza cheti cha kuzaliwa.

Tofauti ya chupa na bidoni, basi, haiko kwenye chuma wala kwenye historia. Bidoni imepita mikononi mwa wanawake na watoto wengi mno, miaka mingi mno, hata yule askari wa kwanza ametoka ndani yake. Hakuna anayemwona tena. Chupa ya jeshi bado haijatoka kiunoni mwa mwenyewe.

Wapo wanaoniambia mama yule azoee, vita vimekwisha kwake, yuko Uganda. Nawaelewa. Hata hivyo nawakatalia, na sababu yangu ni ya aina ya chombo chenyewe. Panga langu ni langu, naweza kulitumia mwaka mzima bila mtu kuliomba. Chupa ya maji si hivyo. Ukiibeba njiani utasikia, "Nipe kidogo," na kwa mila zetu zote, za Wabembe, za Wafuliiru, za Wanyarwanda, za Wanyankole wenye nchi hii, sijui hata moja inayokuruhusu kusema hapana ilhali imejaa. Kwa hiyo nusu ya chupa yako ni ya mtu ambaye bado hujakutana naye. Tunapima uimara kwa kuiangusha na kuigonga jiwe, na ni sawa. Lakini chupa isiyopasuka, ambayo mwenye kiu hawezi kuipokea, imevuja mahali pengine.

Halafu kuna wale wasioomba maji, wanaouliza unatoka wapi. Kwetu, kwenye bariyeri, niliona kijana akivuliwa shati ili begani mwake paangaliwe kama pana alama ya mkanda wa bunduki. Alama ilikuwepo. Alikuwa mbeba mizigo, anavuta makaa kwa kamba. Alieleza, akaeleza, akaeleza. Sitaandika kilichofuata. Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaopenda kuvaa chupa kwa mkanda mrefu, umepita kifuani kama wanavyoona kwenye filamu: mkanda hauulizwi ulikuwa wa nini.

Huku tulipo hakuna bariyeri ya namna ile, kuna sheria. Uganda, sheria ya jeshi ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na vitu vya jeshi, na Septemba 2019 hata bereti nyekundu ilitangazwa kuwa vazi la jeshi. Tanzania, Agosti 2023, jeshi liliwapa raia siku 7 wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake. Kenya nako, nguo za jungle ni za kujitafutia shida. Chuma kitupu kisicho na rangi ni chombo cha maji kama sufuria. Mfuko wenye madoadoa ya kijani, huo ndio unaokuletea maneno, na raia wa nchi akieleza atasikilizwa kuliko mkimbizi akieleza. Kwa hiyo mfuko uacheni kule kule sokoni, hata muuzaji akikupa bure.

Kijana mmoja wa darasa letu la kusoma alinipinga vizuri. Alisema, "Mzee, kama chombo kinamuumiza mama mmoja, kitupe. Utafute thermos ya Kichina." Nilimwambia bei ya thermos anaijua na kioo cha ndani anakijua. Lakini jibu langu la kweli ni lingine. Nikiitupa nimekubali kwamba kila kitu kilichotengenezwa vizuri ni cha wenye bunduki milele: kikombe kinachokaa motoni, sufi inayopoza maji, umbo linaloheshimu mbavu za mtembeaji. Sikubali. Wametuchukulia milima, mashamba na ng'ombe. Namna nzuri ya kubeba maji nataka kubaki nayo. Ninachotafuta ni njia ya kumtoa yule askari ndani ya chupa bila kumtoa mama jirani chini ya mti wangu, na haya mawili hayafanyiki kwa siku moja.

Tena askari huyo wa chupa yangu alikuwa mtu. Kuna herufi mbili na namba ndefu alizochora kwa ncha ya kisu karibu na shingo, si kwa mashine, mistari yake imepinda. Kijana yule yule alitaka nizisugue kwa msasa ziishe. Nimeziacha, na sina hoja kubwa ya kujitetea. Labda ni kwa sababu na mimi nina namba, iko kwenye kadi, na ningependa yule atakayeiokota kadi hiyo siku moja asiisugue.

Kwa sasa nimefanya hivi. Mfuko wa kijani sikuuchukua. Mshona nguo wa karibu na kituo alinipa vipande vya blanketi na mabaki ya kitenge, nikamwomba ashone koti jipya: blanketi ndani lishike maji na kupoza, kitenge nje, cha njano na samaki wa bluu. Umbo la figo limefichika, linaonekana kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Mkanda nimeutoa, naiweka ndani ya kikapu pamoja na jembe. Na kikombe cha plastiki natembea nacho, cha kumpa yeyote asiyependa kuweka mdomo pale. Mama jirani ameuona ule mfuko juzi tukivuna maharage. Aligusa kitenge kwa vidole viwili, akauliza mita moja wanauza shilingi ngapi.